Mtakatifu Ambrosio na Damu ya Watu wa Thesalonike

Ambrosio alizaliwa yapata mwaka 339 katika mji wa Trier, ambao siku hizi umo katika nchi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa mkubwa wa serikali ya Roma katika nchi zote za Gallia. Baba alipofariki, mama akarudi Roma pamoja na watoto wake watatu, Marcellina, Satyrus na Ambrosio. Marcellina akajiweka wakfu kwa Mungu katika ubikira, akapokea shela mikononi mwa Papa Liberius. Wale ndugu wawili wakasoma sheria. Ambrosio akawa msemaji hodari barazani, na miaka haikupita mingi akapewa uliwali wa Milano na wa nchi zilizo kandokando, upande wa kaskazini wa Italia.

Liwali wa Roma hakuwa mtu wa kukusanya kodi na kutia muhuri barua tu. Alikuwa hakimu pia, na hukumu yake ilifika hata kifo. Kinywa chake kilipotamka neno, kichwa cha mtu kilianguka, na yeye mwenyewe hakushika upanga wala nguo yake haikupata doa. Yafaa jambo hili likumbukwe, kwa maana litarudi mbele katika habari hii. Probus, yule mkubwa aliyemtuma Ambrosio Milano, alimwagiza wakati wa kuagana atawale si kama hakimu bali kama askofu. Hapana aliyejua ya kuwa agizo lile litatimia neno kwa neno.

Mwaka 374 Auxentius, askofu wa Milano, alikufa. Yeye alikuwa mfuasi wa Ario, yule aliyekana Umungu wa Kristu, na wakristu wa mji walikuwa wamegawanyika vikali. Walipokusanyika kanisani kumchagua askofu mpya, ikaogopwa kwamba watapigana. Liwali akaenda kuwatuliza. Alipokuwa akisema nao, yasimuliwa kwamba sauti ya mtoto ilisikika ikimtaja Ambrosio kuwa askofu, na mara watu wa pande zote mbili wakaipokea kwa kishindo. Walakini Ambrosio hakuwa padri, wala hakuwa amebatizwa. Alikuwa mkatekumeni tu, ajapokuwa na umri wa miaka 35 hivi, maana zamani zile wengi walichelewesha ubatizo.

Akashikwa na hofu, akatafuta njia ya kukwepa. Paulinus, aliyekuwa katibu wake na ambaye baadaye aliandika maisha yake, asimulia kwamba Ambrosio alitoka kanisani, akaketi katika kiti cha hukumu, akaamuru watu fulani wateswe mbele ya macho ya wote, jambo asilolizoea. Alitaka watu wamwone kuwa mtu wa damu, wachukizwe naye, wamwache. Watu hawakumwacha, wakapiga kelele kwamba dhambi yake na iwe juu yao. Tendo lile halikuwa zuri, na Paulinus asifiwe kwa kutolificha, kwa maana wale walioteswa ili liwali aepuke uaskofu hawakuulizwa neno. Lakini latuonyesha jambo moja: hata wakati ule, ambapo kumwaga damu kwa hukumu ya serikali kulikuwa desturi ya kila siku, wakristu walijua ya kuwa damu na altare havipatani.

Alijaribu tena kukimbia usiku, akapotea njia, na asubuhi akajikuta mbele ya lango la mji ule ule. Basi akakubali. Akabatizwa, na siku nane baadaye, tarehe 7 Desemba 374, akawekwa kuwa askofu. Dhahabu yake na fedha yake akawapa maskini na Eklezia, na mashamba yake akayatoa vilevile, isipokuwa dada yake alipewa kula mazao yake maadamu anaishi.

Tangu hapo alisoma Maandiko Matakatifu usiku na mchana, maana ilimpasa kufundisha mambo aliyokuwa hajajifunza bado. Miongoni mwa mambo aliyoulizwa mara kwa mara ni amri ya tano, ile ikatazayo kuua. Katika dola iliyokuwa ndiyo kwanza inageuka kuwa ya kikristu, mahakimu wengi walikuwa wamebatizwa, nao walitaka kujua kama mtu aliyetoa hukumu ya kifo jana aweza kupokea Komunio leo. Mmoja wao, jina lake Studius, alimwandikia. Ambrosio, aliyekuwa ameketi katika kiti kile kile, alijibu kwa uangalifu. Hakumtenga hakimu na Eklezia, kwa sababu Mtume Paulo asema kwamba mwenye mamlaka hauchukui upanga bure. Hata hivyo alisema kwamba wengi waliotoa hukumu kama ile walijizuia wenyewe wasikaribie meza ya Bwana, na kwamba yafaa wasifiwe. Akamkumbusha pia kwamba hata wapagani walijivuna waliporudi kutoka uliwalini bila kulitia damu shoka lao. Kisha akamwonyesha Bwana wetu mbele ya yule mwanamke aliyefumaniwa. Aliyeachwa hai, alisema, aweza kutubu, na kama hajabatizwa aweza kupata ondoleo. Aliyeuawa amekatwa njia zote mbili. Ilipita miaka zaidi ya 1600 kabla Eklezia haijaandika katika Katekisimu yake, mwaka 2018, kwamba adhabu ya kifo haikubaliki kamwe. Lakini mtu akiisoma barua ile ya Studius aona njia ilikuwa imekwisha kuelekea huko.

Jambo hili halikubaki katika barua tu. Mwaka 385 hivi, huko Trier, Kaisari Maximus alimwua Priscillian wa Hispania pamoja na wenzake, wakishitakiwa uchawi na mafundisho ya uongo. Na walioshitaki walikuwa maaskofu. Mtakatifu Martino wa Tours alimsihi Maximus asimwage damu ile, wala hakusikilizwa. Ambrosio alipotumwa Trier kwa mambo ya serikali, alikataa kushirikiana katika Misa na maaskofu wale waliotaka watu wafe, ingawa wale watu walikuwa wamepotea katika imani. Maximus alikasirika, akamwamuru aondoke, na Ambrosio akaondoka.

Aliifundisha amri hii kwa upana kuliko wengi walivyotazamia. Katika kitabu alichowaandikia mapadri wake juu ya wajibu wao, asema kwamba mkristu anayeshambuliwa na mnyang'anyi mwenye silaha asimrudishie pigo, asije akaupoteza upendo akijaribu kuuokoa uhai. Wanateolojia waliofuata, na mkubwa wao Mtakatifu Toma wa Aquino, hawakumfuata hapo. Walifundisha kwamba mtu ana haki ya kuulinda uhai wake kwa kiasi kilicho lazima. Lakini katika kitabu kile kile Ambrosio asema kwamba anayeweza kumkinga mwenzake asidhuriwe, naye asimkinge, ana hatia sawa na mwenye kudhuru. Na alipoeleza habari ya Naboti, aliyeuawa kwa ajili ya shamba lake la mizabibu, alifundisha kwamba habari ile si ya zamani tu: kila siku yuko Ahabu anayetamani cha jirani, na kila siku yuko maskini anayekufa kwa ajili ya tamaa hiyo. Wagoti walipowashinda Warumi mwaka 378 na kuchukua mateka maelfu, Ambrosio alivunja vyombo vitakatifu vya kanisa, akaviyeyusha, akawakomboa watu kwa dhahabu yake. Wapinzani wake walimlaumu. Alijibu kwamba ni heri kumwekea Bwana watu hai kuliko dhahabu.

Sasa tuje kwa Kaisari Theodosius. Alikuwa mtu wa Hispania, jemadari hodari, mwenye imani ya kweli. Mwaka 380 aliugua sana akiwa katika mji wa Thesalonike, mji ule ambao Mtume Paulo aliuandikia nyaraka mbili, na humo akabatizwa na Askofu Ascholius. Ndimo alimozaliwa mara ya pili. Hakuwa mtu mkatili kwa tabia. Mwaka 387 watu wa Antiokia waliziangusha na kuziburuta sanamu zake na za mkewe marehemu, kosa lililoweza kuleta maangamizi; naye, baada ya kusihiwa na Askofu Flavian, aliwasamehe. Lakini hasira yake ilikuwa kama moto wa nyasi kavu, hupanda upesi na kushuka upesi, nao moto wa nyasi hata ukizimika upesi huwa umekwisha kuteketeza nyumba.

Yeye na Ambrosio walikuwa wamekwisha kushindana mara moja, na haifai kulifunika jambo hilo. Mwaka 388, katika mji wa Callinicum kando ya mto Eufrati, wakristu walichoma sinagogi la Wayahudi, na askofu wao akalaumiwa kuwa ndiye aliyewachochea. Kaisari aliamuru askofu yule alijenge tena kwa mali yake. Amri ilikuwa ya haki. Lakini Ambrosio aliipinga kwa barua, kisha akaipinga kanisani mbele ya watu, wala hakukubali kuiendea altare mpaka Kaisari alipoahidi kuiacha. Hapo askofu alikosa, na Wayahudi wale hawakupata haki yao. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, umesema wazi kwamba Eklezia yachukizwa na udhalimu wote waliofanyiwa Wayahudi, wakati wo wote na mtu ye yote. Nguvu ile ile ambayo Ambrosio aliitumia vibaya mwaka 388 ndiyo aliyoitumia vema miaka miwili baadaye.

Mwaka 390, Thesalonike ulikuwa na jemadari wa askari jina lake Butheric, Mgoti. Yeye alimtia gerezani mwendesha gari la farasi aliyependwa mno na watu, kwa kosa la uchafu. Siku ya mashindano ilipokaribia, watu wakadai afunguliwe. Butheric akakataa. Ghasia ikazuka, na watu wakamwua jemadari.

Habari zikamfikia Kaisari akiwa Italia. Kuuawa kwa jemadari lilikuwa kosa kubwa, na hakimu angeweza kuwatafuta wenye hatia mmoja mmoja. Ambrosio alimsihi Kaisari mara nyingi asitende neno kwa hasira. Lakini wakubwa wa baraza walisema maneno mengine, na amri ikatoka ya kuuadhibu mji kwa upanga. Baadaye Theodosius akageuka moyo, akatuma amri ya pili ya kuitangua ile ya kwanza. Tarishi wa pili hakumpata tarishi wa kwanza.

Waandishi wa zamani wasema kwamba watu waliitwa uwanjani kana kwamba ni kwa mashindano, kisha askari wakawazunguka. Theodoret, aliyeandika miaka kama 50 baadaye, ataja watu 7,000. Wenyeji waliuawa na wageni waliuawa, waliokuwamo katika ghasia na waliofika mjini asubuhi ile ile kwa biashara. Sozomen asimulia habari ya mfanyabiashara mmoja ambaye wanawe wawili walikamatwa. Akawaendea askari, akawaomba wamwue yeye, wawaache watoto, akawaahidi dhahabu yote aliyo nayo. Askari wakamwambia achague mmoja tu, maana hesabu waliyopewa haikuruhusu kuwaachilia wote wawili. Baba akamtazama huyu, akamtazama yule, akalia, wala hakuweza kuchagua. Wakawaua wote wawili.

Katika neno lile la hesabu ndimo ulimokaa ubaya wa tendo zima. Askari hawakuwa na ugomvi na vijana wale, na Kaisari hakuwajua. Yeye alikuwa mbali sana, ng'ambo ya bahari, naye alitoa neno tu. Wao walitimiza neno tu. Kila mmoja aliweza kumtazama mwenzake na kumwona yeye ndiye mwuaji.

Habari zilipofika Milano, maaskofu walikuwa wamekusanyika katika sinodi. Wote walihuzunika, na wote walitazama Ambrosio atafanya nini. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Kaisari alikuwa rafiki yake na mlinzi wa imani, na serikali ilikuwa na majina mengi ya heshima ya kuliita tendo lile. Kumshambulia hadharani kulikuwa rahisi pia kwa mtu apendaye sifa, na pengine kungaliuwasha ule moto wa nyasi mara ya pili. Ambrosio hakufanya hili wala lile. Alitoka mjini kabla Kaisari hajafika, akatoa udhuru wa ugonjwa, ambao kweli alikuwa nao, kisha akamwandikia barua kwa mkono wake mwenyewe, ili pasiwe na mwandishi wa kuisoma, bali Kaisari peke yake.

Wachoraji wakubwa kama Rubens na Van Dyck wameonyesha askofu akisimama mlangoni mwa kanisa, mkono ameunyosha, akimzuia Kaisari na askari wake wasiingie. Picha zile ni nzuri, nazo zimeifuata simulizi ya Theodoret. Lakini barua yenyewe imebaki hata leo, nayo yaonyesha jambo la kimya zaidi na, kwa kweli, la ushujaa zaidi. Mtu mwenye ghadhabu mbele ya umati hana budi kulinda heshima yake. Mtu asomaye barua chumbani peke yake aweza kulia.

Katika barua hiyo Ambrosio hamtukani Kaisari. Ataja imani yake na uchaji wake, ataja pia tabia yake ya kuwaka upesi, akimwonyesha kwamba tabia hiyo ndipo adui alipoingilia. Amkumbusha Mfalme Daudi, ambaye hakumpiga Uria kwa mkono wake bali aliandika barua tu, na nabii Natani akamwambia kwamba yeye ndiye aliyemwua. Daudi alikiri, na Kaisari, kama yeye, ni mwanadamu. Dhambi haiondolewi ila kwa machozi na kitubio, na hata malaika hawezi kuiondoa kwa njia nyingine. Kisha amweleza kwamba hataweza kutoa sadaka ya Misa kama yeye yupo. Lisiloruhusiwa baada ya damu ya mtu mmoja asiye na hatia, amwuliza, laweza kuruhusiwa baada ya damu ya wengi?

Kanuni ya Eklezia wakati ule ilikuwa kali. Mwenye kuua, mwenye kuzini na mwenye kuabudu sanamu walifanya kitubio mbele ya watu wote, na ruhusa ya kitubio hicho ilitolewa mara moja tu maishani. Watubio walisimama mahali pao kanisani, wakaombewa na wenzao, wala hawakupokea Komunio mpaka askofu awapokee tena. Kanuni hii ilikuwa imetumika kwa mafundi, wakulima na askari. Hakuna Kaisari aliyewahi kuifuata kwa kosa kama hili. Na Kaisari alikuwa na jeshi, na Ambrosio alikuwa na barua.

Theodosius alikubali. Alivua mapambo ya kifalme, akasimama kanisani kati ya watubio, akalia mbele ya watu juu ya dhambi yake, nao walilia pamoja naye. Yapata Noeli ya mwaka ule ule wa 390 alipokelewa tena kwenye meza ya Bwana. Waandishi wa zamani wasema kwamba Ambrosio alimdai pia tunda la kitubio, yaani sheria ya kuzuia jambo lile lisirudi. Sheria kama hiyo imo hata leo katika mkusanyo wa sheria za dola uliotangazwa mwaka 438: Kaisari akitoa hukumu kali kupita desturi, hukumu hiyo ikae siku 30 bila kutekelezwa. Ni siku za kutosha moto wa hasira kuzimika, na kwa tarishi wa pili kumpata wa kwanza.

Waliokufa hawakurudi. Majina yao hayakuandikwa, wala jina la yule mfanyabiashara halikuandikwa.

Theodosius alikufa Milano tarehe 17 Januari 395. Siku 40 baadaye Ambrosio alihubiri katika ibada ya kumkumbuka, mbele ya Honorius mwanawe na mbele ya majemadari. Hakukiruka kile kitubio. Alikitaja wazi, kama sifa kubwa kuliko za vita vyote alivyoshinda, akasema kwamba haikupita siku baada ya hapo asiyoihuzunikia dhambi ile. Kisha mwili ukachukuliwa Konstantinopoli kuzikwa.

Ambrosio aliishi miaka miwili tu baada yake. Mwaka 397, siku ya Ijumaa Kuu, tangu saa kumi na moja ya jioni alilala akisali, mikono yake ameinyosha mfano wa msalaba. Midomo ilionekana ikitikisika, lakini sauti haikusikika. Alikufa kabla ya mapambazuko ya Jumamosi Kuu, tarehe 4 Aprili, baada ya kupokea Mwili wa Bwana. Wakampeleka kanisani, na usiku huo wakatekumeni wakabatizwa. Miaka kumi kabla yake, katika usiku kama ule, yeye mwenyewe alikuwa amembatiza Augustino wa Afrika. Paulinus asema kwamba kazi ya ubatizo aliyozoea kuifanya peke yake, baada ya kufa kwake maaskofu watano hawakuimaliza ila kwa shida.